Ridhaa Iliyoibwa: Tujilinde na Hadaa ya Mbofyo

(Mada iliyotolewa kwa waumini baada ya swala ya Alasiri, Ilula, mkoani Iringa)



Kila sifa njema anastahiki Allah, Mola wa viumbe vyote. Rehma na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake, maswahaba wake na kila aliyefuata mwendo wao kwa wema hadi Siku ya Malipo.

Ama baada ya hayo.

Ndugu Waislamu, wazee wetu, mama zetu na vijana wetu. Mada ya leo huenda ikaonekana ngeni mahali hapa. Tumezoea kukaa msikitini tukikumbushana twahara, swala, zaka na malezi ya watoto. Leo tutazungumzia kidole. Kidole kile kinachogusa kioo cha simu. Sababu ya kukizungumzia ni kwamba katika zama zetu kidole hicho kimepewa uzito wa saini. Kwa mguso mmoja mtu hulipa, hukopa, hukubali masharti ya mkataba, na hufungua mlango wa siri za nyumba yake. Na kila kitu chenye uzito wa saini kina wezi wake.

Tutazungumzia hadaa moja mahsusi ambayo kwa lugha yetu tunaweza kuiita utekaji wa mbofyo. Nayo ni hii: mtu huoneshwa kitu kimoja kwenye kioo, akakibofya kwa nia njema, kumbe kilichobofywa ni kitu kingine asichokiona.

KISA KILICHOTUPATA SISI WENYEWE

Tuanze na nafsi zetu, kwani haipendezi mwalimu asimame mbele ya watu awahadithie makosa ya wengine, ya kwake akayafunika.

Madrasa yetu ina simu moja ya kisasa. Ilinunuliwa kwa michango ya wazazi ili tusikilizie visomo vya Qur'an, tuwasiliane na wazazi, na tupokelee michango ya ujenzi wa vyoo vya wanafunzi. Mwaka 2023 mambo mawili yalianza kutokea. La kwanza, salio la simu lilikuwa likipungua kila siku bila ya mtu kupiga. Tunaingiza vocha asubuhi, jioni tukitaka kumpigia mzazi tunaambiwa salio halitoshi. La pili, na ndilo lililokuwa zito zaidi, zilianza kujitokeza juu ya kioo picha za aibu zisizofaa kuelezwa mahali hapa, zikiwa na maneno ya kumshawishi mtu abofye. Siku moja picha hiyo ilijitokeza simu ikiwa katikati ya darasa, kisomo kinaendelea, na watoto wameizunguka.

Simu hiyo tulikuwa tukimkabidhi mwanafunzi wetu mmoja wa darasa la juu, kijana wa miaka 14, ili akaitie chaji kwao na kuirudisha. Hatukuuliza wala hatukuchunguza. Tulimsimamisha mbele ya wenzake tukamwambia kwamba ameitumia amana ya madrasa kwa mambo machafu. Alilia, akaapa kwamba hakufanya. Hatukumsadiki. Kesho yake hakuja madrasa, wala kesho kutwa, wala siku iliyofuata.

Siku ya nne alikuja mama yake. Alisimama nje ya mlango, hakutaka hata kuketi. Akasema: "Ustaadh, mwanangu nimemlea mwenyewe. Kama amekosa, nioneshe kosa lake nami nitamwadhibu mbele yako. Kama huna cha kunionesha, basi mrudishie heshima yake."

Hatukuwa na cha kumwonesha. Tukaichukua ile simu tukaenda kwa kijana mmoja mwenye duka la steshenari kando ya barabara kuu, anayechapa barua na kuwasaidia watu kujaza maombi yao kwenye intaneti. Akafungua kivinjari, yaani ile programu tunayoitumia kufungulia kurasa za intaneti, akaingia kwenye sehemu ya historia. Pale kila ukurasa uliofunguliwa umeandikwa pamoja na saa yake. Akashuka taratibu, kisha akatuuliza: "Ustaadh, usiku wa Jumanne ile, saa nne, simu hii alikuwa nayo nani?"

Ilikuwa nasi. Ilikuwa nyumbani kwetu, na kijana yule alikuwa kwao amelala. Usiku ule tulikuwa tukitafuta nakala ya bure ya kitabu cha sarfu. Tukaukumbuka ukurasa wenyewe. Ulikuwa na vitufe vitatu, vyote vimeandikwa "pakua". Tulibofya cha kwanza, likaja tangazo. Tukabofya alama ya eksi ili kulifunga, likaja jingine. Kisha tukaambiwa tubofye neno "Ruhusu" ili kuthibitisha kwamba sisi ni watu na si roboti. Tukabofya. Kitabu hatukukipata. Tulichokipata ni kwamba tovuti ile imepewa ruhusa ya kutuletea arifa na picha zake usiku na mchana, na laini yetu imeunganishwa na huduma ya kulipia kila siku ambayo hata jina lake hatukulijua.

Kidole kilikuwa chetu. Lawama tukambebesha mtoto.

Tulikwenda kwao tukamwomba radhi yeye na mama yake. Jumamosi tukamwomba radhi tena mbele ya darasa lile lile tulilomtuhumu mbele yake. Aya ya 6 ya Suratul Hujuraat, inayoamrisha kuhakiki habari kabla hatujawadhuru watu kwa kutojua kisha tukabaki na majuto, tulikuwa tumeifundisha mara nyingi. Aya ya 12 ya sura hiyo hiyo, inayotukataza kufuata dhana, tulikuwa tumewahifadhisha watoto hao hao. Siku ile tuliona kwamba tulikuwa tumeyahifadhi maneno na kuiacha kazi yake. Hii ndiyo sababu tumeomba nafasi ya kuizungumza mada hii.

HADAA HII HUFANYWAJE?

Wazee wetu wanaikumbuka karatasi ya kaboni. Ukiandika kwenye karatasi ya juu, maandishi hutokea pia kwenye karatasi ya chini. Sasa chukulia mtu amekuletea daftari la mahudhurio ya mkutano uweke saini. Chini ya ukurasa ule ameficha karatasi ya kaboni, na chini ya kaboni ameficha hati ya deni. Wewe umetia saini mahudhurio. Yeye ameondoka na saini yako kwenye deni.

Utekaji wa mbofyo ni jambo la namna hiyo. Ukurasa wa intaneti unaweza kubeba ukurasa mwingine ndani yake, kama picha iliyotiwa kwenye fremu. Jambo hilo lenyewe si baya, kwani ndivyo ramani au video ya tovuti moja inavyooneshwa ndani ya tovuti nyingine. Lakini mtengenezaji wa ukurasa anaweza kuifanya fremu hiyo iwe angavu kabisa, isionekane kwa jicho, kisha akaitandaza juu ya kitufe cha video au cha mchezo. Jicho linaona kitufe cha chini. Kidole kinagusa kilicho juu. Na kwa kuwa kivinjari chako kinakumbuka kwamba umeshaingia kwenye akaunti yako, tovuti ya kweli huupokea mbofyo ule ikidhani umeutaka. Hakuna nywila iliyoibwa wala kufuli lililovunjwa. Mwizi amekushika mkono, ukamfungulia mlango mwenyewe.

Iko namna nyingine iliyo nyepesi zaidi, nayo ndiyo iliyotupata sisi. Hapo hakuna fremu isiyoonekana. Kitufe unakiona, ila maana yake imegeuzwa. Umeambiwa hiki ni cha kupakua, kumbe ni cha tangazo. Umeambiwa hiki ni cha kufunga, kumbe ni cha kufungua. Umeambiwa hiki ni cha kuthibitisha kuwa wewe ni mtu, kumbe ni cha kutoa ruhusa. Namna zote mbili zina asili moja, nayo ni kumfanya mtu akubali jambo ambalo hakulikusudia.

Katika hadithi iliyopokewa na Abu Huraira na kutolewa na Imam Muslim, tunahadithiwa kwamba Mtume (s.a.w.) alipita sokoni kwenye lundo la nafaka. Akaingiza mkono wake ndani, vidole vyake vikakuta umajimaji. Mwenye mali akajitetea kwamba ni mvua. Mtume akamkemea kwa kutoiweka juu ile iliyolowa ili watu waione, na akabainisha kwamba mwenye kudanganya hayumo pamoja naye.

Sisi watu wa Ilula hatuhitaji tafsiri ndefu ya hadithi hii, kwani nyanya ndizo riziki yetu. Tunalijua tenga lililopangwa nyanya ngumu na nyekundu juu, na mbovu chini. Lori limeshateremka Kitonga, limefika Dar es Salaam, mnunuzi anafungua tenga, anakuta maji yanachuruzika. Tunajua pia kinachofuata: safari nyingine mnunuzi huyo haamini tenga la mtu yeyote, hata la mwaminifu. Hadaa ya mbofyo ni tenga hilo hilo, na madhara yake ni yale yale. Inawaibia watu, kisha inaua uaminifu baina yao, kama ilivyotaka kuuua baina yetu na mwanafunzi wetu.

HISTORIA YAKE KWA UFUPI

Hadaa hii ilipata jina mwaka 2008, pale wataalamu wawili wa usalama wa kompyuta wa Marekani, Jeremiah Grossman na Robert Hansen, walipoitangaza. Walikuwa waieleze kwa kina kwenye mkutano mjini New York mwezi Septemba mwaka huo, lakini wakaahirisha kwa sababu kampuni ya Adobe iliomba muda wa kurekebisha programu yake ya Flash. Mwezi uliofuata mtaalamu mwingine, Guy Aharonovsky, alionesha hatari yenyewe kwa mchezo mdogo. Mchezaji alitakiwa kufukuza kitufe kinachohamahama na kukibofya. Kumbe kila mbofyo ulikuwa ukimpeleka hatua moja mbele katika kuruhusu kamera na kipaza sauti cha kompyuta yake mwenyewe.

Mwezi Februari 2009 watumiaji wengi wa Twitter walibofya kitufe kilichoandikwa kwamba kisibofywe, na papo hapo wakawa wameusambaza ujumbe ule ule kwa jina lao bila kujua. Mwaka 2010 ikawa zamu ya Facebook. Mtu anadhani anafungua video ya ajabu, kumbe anatangaza kwa marafiki zake wote kwamba ameipenda tovuti ya walaghai, nao wanamfuata kwa kumwamini.

Watengenezaji wa vivinjari hawakukaa kimya. Mwaka 2009 kampuni ya Microsoft ilitia katika kivinjari chake njia ya kuiwezesha tovuti kusema: "Mimi nisiwekwe ndani ya fremu ya mtu mwingine." Vivinjari vingine vikaifuata. Hata hivyo mlango mmoja ukifungwa, mwizi hutafuta dirisha. Mwezi Desemba 2024 mtafiti Paulos Yibelo alieleza hadaa ya mbofyo wa mara mbili. Ukurasa unakuomba ubofye mara mbili harakaharaka. Mbofyo wa kwanza unaliondoa dirisha la juu, na wa pili unaangukia kwenye kitufe cha idhini kilichokuwa kinangoja chini yake. Mwezi Agosti 2025 mtafiti mwingine, Marek Tóth, alionesha kwamba hata programu za kutunzia nywila zinazoongezwa kwenye kivinjari ziliweza kuhadaiwa kwa mbofyo zikamwaga siri zilizokuwa zikizitunza.

Je, haya yanatuhusu sisi tulio mbali na miji hiyo? Ndiyo, tena kwa namna yetu. Katika nchi nyingi za Afrika ziko huduma za burudani na habari ambazo malipo yake hukatwa moja kwa moja kwenye salio la simu, na uthibitisho wake waweza kuwa mbofyo mmoja au miwili. Kwa hiyo mwenye kuuteka mbofyo wako hahitaji kadi ya benki wala namba yako ya siri. Mwezi Agosti 2020 iliripotiwa kwamba baadhi ya simu za bei nafuu za aina ya Tecno W2, zilizouzwa Ethiopia, Misri, Ghana, Kamerun na Afrika Kusini, zilikutwa na programu hasidi iliyojificha ndani yake tangu zinanunuliwa. Programu hiyo ilikuwa ikijaribu kuwaunganisha wenye simu na huduma za kulipia bila wao kugusa chochote. Kampuni iliyozitengeneza ilisema kosa lilitokana na msambazaji mmoja katika mlolongo wa utengenezaji. Tunaona kwamba wanaolengwa na wizi wa namna hii si matajiri. Ni mtu anayeweka vocha ndogo kila siku. Akikatwa kidogo haoni, na akiona hajui amlalamikie nani.

JE, RIDHAA YA NAMNA HII NI RIDHAA?

Hapa pana suala la kisheria, na tungependa lieleweke. Katika Suratun Nisaa aya ya 29 Allah (S.W.) amekataza tusiliane mali kwa batili, na biashara akaijenga juu ya ridhaa ya pande mbili. Mafaqihi wamelizungumza kwa kirefu suala la kuficha aibu ya bidhaa. Mfano wao mashuhuri ni wa mnyama aliyeachwa kwa makusudi bila kukamuliwa ili chuchu zijae na mnunuzi adhani ana maziwa mengi. Mtume (s.a.w.) alilikataza jambo hilo, na akampa mnunuzi aliyehadaiwa hiari ya kumbakisha mnyama huyo au kumrudisha.

Katika msingi huo tunajifunza mambo mawili. La kwanza, aliyetekwa mbofyo ni mdhulumiwa. Asione haya kudai haki yake wala asikae kimya kwa kuogopa kuchekwa kuwa ni mshamba. Wengi wetu hunyamaza kwa sababu ukurasa uliowanasa haukuwa mzuri, au kwa sababu wanaogopa kudhaniwa vibaya. Kunyamaza huko ndiko kunakompa mwizi nafasi. La pili ni kwa vijana wetu wenye ujuzi wa kompyuta. Anayetengeneza ukurasa wa kuhadaa, anayepokea ujira kwa kila mtu aliyenaswa, na anayesambaza viungo hivyo kwenye makundi ya WhatsApp kwa malipo huku akijua, wote wanakula katika sinia moja. Na mbali na hukumu ya Allah, hapa Tanzania ipo Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, inayoufanya ulaghai kwa njia ya kompyuta kuwa jinai.

NAMNA YA KUJILINDA

Bedui mmoja alimuuliza Mtume (s.a.w.) iwapo amwache ngamia wake na kutawakali, au amfunge kwanza. Jibu tunalijua: amfunge, kisha atawakali. Hizi hapa ndizo kamba za kumfungia ngamia huyu.

Kwanza, sasisha kivinjari chako. Kivinjari cha zamani hakizijui hila mpya. Wengi wetu hukataa kusasisha kwa kuogopa bando kwisha. Bando hilo ni dogo kuliko hasara yake.

Pili, kagua ruhusa ulizokwishazitoa. Katika Chrome, bofya nukta tatu zilizo pembeni juu, ingia kwenye Mipangilio, kisha Mipangilio ya tovuti, kisha Arifa. Utaona orodha ya tovuti ulizoziruhusu. Usiyoijua iondoe. Ni bora zaidi kuzuia tovuti zote zisiombe kabisa ruhusa ya arifa. Kagua vile vile kamera, kipaza sauti na mahali ulipo.

Tatu, hakikisha madirisha ibukizi yamezuiwa. Sehemu yake iko kwenye orodha hiyo hiyo ya mipangilio ya tovuti.

Nne, tangazo lisilotakiwa usilifunge kwa alama iliyochorwa ndani ya tangazo lenyewe. Alama hiyo imewekwa na mwenye tangazo, naye ndiye anayejua inafanya nini. Funga ukurasa mzima kwa kutumia kivinjari, au kifunge kivinjari chenyewe.

Tano, ukimaliza kazi kwenye akaunti yako, toka. Tumesema kwamba mbofyo uliotekwa hupata nguvu kwa sababu bado umo ndani ya akaunti. Mwenye uwezo aweke vivinjari viwili: kimoja cha mambo ya fedha, barua na maombi rasmi, na kingine cha kutafutia vitabu, video na habari. Na anayetumia kompyuta ya dukani kujaza maombi ya mkopo wa masomo au ya ajira asiinuke kitini kabla hajatoka kwenye akaunti yake.

Sita, iogope haraka. Ukurasa unaokuamrisha ubofye mara mbili, ubofye upesi, au ubofye kabla muda haujakwisha, ufunge. Uthibitisho wa kweli kwamba wewe si roboti hauhitaji umpe mtu ruhusa ya kukutumia arifa. Na kwa wanaotumia kompyuta, tangu mwaka 2024 imeenea hadaa ya ukurasa unaodai kukuthibitisha, kisha unakuagiza ubonyeze kitufe chenye alama ya Windows pamoja na herufi R, ubandike maandishi, halafu uthibitishe. Usifanye hivyo abadan. Maandishi hayo ni amri ya kuingiza programu hasidi, na wewe ndiye unayeitia saini.

Saba, tumia vizuizi. Kivinjari cha Firefox, hata kwenye simu za Android, hukubali kuongezewa uBlock Origin, inayozuia matangazo mengi ya hadaa kabla hujayaona. Hukubali pia NoScript, ambayo mwaka 2008 iliwekewa kinga mahsusi dhidi ya utekaji wa mbofyo. Zote mbili ni za bure. NoScript inahitaji uvumilivu, kwani husimamisha mambo mengi mpaka uyaruhusu mwenyewe.

Nane, likishatokea, usikae. Piga huduma kwa wateja ya mtandao wako, uulize laini yako imeunganishwa na huduma zipi za kulipia, na utake iondolewe kwenye zote usizoziomba. Sisi tulifanya hivyo na makato yakakoma. Badilisha nywila za akaunti zako. Ujumbe wa kitapeli unaokuja kwenye simu upeleke namba 15040, iliyowekwa na Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania kwa ajili hiyo. Na ukibonyeza *106# utaweza kuhakiki laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako.

KWA WENYE TOVUTI NA KAMATI ZETU

Zipo shule, taasisi na misikiti inayoanza kuwa na tovuti. Vijana mnaozitengeneza, amana iliyo juu yenu ni kubwa kuliko ya mtumiaji. Yeye haioni fremu ya siri, ninyi mnaweza kuizuia. Wekeni katika seva kanuni ya X-Frame-Options, au ile mpya zaidi ya frame-ancestors, ili ukurasa wenu usiweze kutiwa ndani ya ukurasa wa mwingine. Ni mstari mmoja tu wa maandishi. Na kitendo kizito, kama vile kutoa fedha au kufuta akaunti, kisikamilike kwa mbofyo mmoja. Mtumiaji aulizwe tena na aandike nywila yake.

Na kamati za misikiti na madrasa tunaziusia hivi: simu inayopokea michango ya waumini isitumike kuvinjari. Sisi tulichanganya mambo hayo mawili katika simu moja, na ni kwa rehma za Allah tu kwamba fedha za vyoo hazikuguswa.

NENO LA MWISHO KWA WAZAZI NA WALIMU

Ndugu zangu, hatusemi kwamba kila kijana anayekutwa na kitu kibaya kwenye simu ametekwa mbofyo. Wapo wanaotafuta machafu kwa mikono yao, na hao wana malezi yao na nasaha zao. Tunachosema ni kwamba kioo cha simu peke yake si shahidi muadilifu. Picha iliyojitokeza haikuambii aliyeiita ni nani. Kabla ya kumsimamisha mtoto mbele ya wenzake, au mke kumtuhumu mumewe, au mume mkewe, fungueni historia, angalieni saa, kagueni orodha ya ruhusa, ulizeni mwenye ujuzi. Ni kazi ya dakika chache. Sisi hatukuzitumia dakika hizo, na mtoto wa watu akakosa darasa siku tatu, akalala na jina ambalo halikuwa lake.

Kijana yule alirudi. Ndiye tuliyemwomba ajifunze kwa yule mwenye steshenari namna ya kukagua simu ya madrasa, na kila mwanzo wa mwezi huifungua mbele yetu akatusomea orodha ya ruhusa, moja baada ya moja. Akifika kwenye tovuti asiyoijua hutuuliza: "Ustaadh, hii umeiruhusu wewe?" Nasi hatukasiriki. Tunafikiri kwanza, ndipo tunamjibu.

Tunamuomba Allah (S.W.) atuhifadhie mali zetu, heshima zetu na vizazi vyetu, atuepushe na hadaa na wahadaifu, na atujaalie tuwe wepesi wa kuhakiki na wazito wa kutuhumu. Amin.

Wabillaahi tawfiiq. Wassalaam alaykum warahmatullaahi wabarakaatuh.